Mvua Inataka Kunyesha: Mhadhara kwa Waongoza Watalii juu ya Wakati Ujao wa Karibu wa Kifaransa

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni. Najua kuna walioteremka kutoka porini jana usiku na leo walipaswa kuwa wamelala, kwa hiyo nawashukuru mara mbili. Nimeombwa nizungumze juu ya kile ambacho vitabu vinakiita "futur proche", wakati ujao wa karibu. Nitaanza na aibu yangu.

Miaka yangu ya mwanzo ya kazi nilikuwa na familia ya Wafaransa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wingu jeusi limesimama upande wa pili, upepo umebadilika, harufu ya udongo imeshafika puani. Mimi na Kifaransa changu cha miezi sita nikatangaza: "La pluie veut tomber." Mama akatabasamu kwa adabu. Mtoto wao, wa miaka tisa hivi, akamuuliza baba yake kwa sauti kama mvua nayo huwa inataka vitu. Walicheka mpaka tukafika getini.

(Kicheko ukumbini.)

Nanyi mnacheka, lakini kwa Kiswahili sikukosea hata chembe. Mvua inataka kunyesha. Mti unataka kuanguka. Chaji inataka kuisha. Hakuna anayefikiri kwamba simu ina hamu ya kuzimika. Nilichotakiwa kusema ni "Il va pleuvoir", na ilinichukua miaka kung'amua kwamba sentensi hizi mbili ni ndugu kabisa, ila moja imetumia kutaka na nyingine imetumia kwenda.

Ndiyo maana leo nabishana kidogo na vitabu. Kitabu kitakwambia "je vais manger" ni "nitakula", na "je mangerai" nayo ni "nitakula", kisha kitakuacha hapo uhangaike. Mimi nasema anza na ile "inataka ku-" ya Kiswahili. Ukiishika hiyo, umeshika nusu ya somo.

Umbo lake tulimalize haraka. Unachukua kitenzi "aller", kwenda, katika wakati uliopo: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Baada yake unaweka kitenzi cha pili kikiwa kizima, kama kilivyo kwenye kamusi: manger, voir, descendre. Basi. Na ndani ya gari mtasikia "on va" mara nyingi kuliko "nous allons". Mgeni akisema "on va voir des lions?", tutaona simba?, hamuulizii mtu mwingine, anasema yeye na wenzake.

Hiyo "je vais" nayo imewahi kuzozaniwa. Karne ya 17 walikuwepo waliosema "je vais", walikuwepo waliosema "je vas" au "je va", na wakubwa wa lugha waligombana juu yake. Kuna padri Mjesuti aliyekuwa bingwa wa sarufi, Dominique Bouhours, aliyefariki Paris mwaka 1702. Inasimuliwa kwamba akiwa kitandani anakata roho alisema: "Je vais, ou je vas, mourir, l'un et l'autre se dit, ou se disent." Yaani nataka kufa, na maumbo yote mawili yanasemwa, tena hata hilo "yanasemwa" akalitolea maumbo mawili. Wengine humpa maneno hayo mtu mwingine, na huenda hakuna aliyeyasema. Lakini kila mwalimu wa Kifaransa anatamani yawe kweli.

Makosa yetu ni mawili. La kwanza ni kuchomeka "à": "je vais à manger". Nadhani linatoka kwenye ile "ku" yetu. Tunasema "naenda ku-la", tunatafuta "ku" ya Kifaransa tuiweke. Imeshamo ndani ya "manger" tayari, usiongeze kitu. La pili ni la kalamu: "je vais mangé". Masikioni halisikiki, maana "-er" na "-é" hutamkwa sawa, kwa hiyo unaweza kuishi nalo miaka kumi usijue, mpaka siku unamwandikia wakala wa Ufaransa barua pepe. Ukiwa na shaka, weka kitenzi kingine mahali pale. Ungesema "je vais prendre", nitachukua, au "je vais pris"? Sikio lako litakataa la pili, basi na "mangé" likatae.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote, naomba mlitazame ubaoni. Tukitaka kusema "nitamwona", Kiswahili kinapanga hivi: ni-ta-mw-ona. Kifaransa: je-vais-le-voir. Yeye anayeonwa amekaa pale pale, kati ya alama ya wakati na kitenzi chenyewe. Nitakuonyesha: je vais te montrer. Nitajiosha: je vais me laver. Mpangilio ni ule ule, tofauti ni kwamba sisi tunaandika neno moja na wao wanaacha nafasi. Kwa hiyo ukishikwa na kigugumizi mbele ya wageni, tamka sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili, halafu fuata foleni hiyo hiyo. Angalieni tu kwamba "ji" yetu ni moja kwa watu wote, yao inabadilika na mtu: nous allons nous arrêter ici, tutasimama hapa; vous allez vous asseoir, mtakaa. Na msishangae mkikutana na maandishi ya karne ya 17 yenye "je le vais voir". Zamani hicho kiwakilishi kilikuwa kinaruka mbele, siku hizi kimetulia.

Kukanusha ndiko Kiswahili kinatuacha njiani. Hatutashuka: nous n'allons pas descendre. "Ne" na "pas" vinakibana "allons", havigusi "descendre". Anayesema "nous n'allons descendre pas" amekanusha mahali pasipohusika. Kwenye mazungumzo "ne" mara nyingi hudondoka, "on va pas descendre". Msikie, lakini mkiandika mrudishe.

Tuje kwenye maana, maana hapa ndipo mkate wenu ulipo.

Neno "proche", karibu, limepotosha watu wengi. Wanadhani ni suala la saa: ikiwa ni leo tumia "aller", ikiwa ni mwakani tumia umbo lile jingine. Sivyo. Mfaransa atakwambia "Le Soleil va s'éteindre dans cinq milliards d'années", jua litazimika miaka bilioni tano ijayo, na hujamsikia akikosea. Mfaransa huyo huyo atakupigia simu akuambie "je serai là dans cinq minutes", akitumia wakati ujao wa kawaida kwa dakika tano tu. Ukaribu unaozungumzwa ni wa jambo na sasa hivi: je, mbegu yake nimeshaiona? Walimu wana mfano wao wa siku zote. "Elle va avoir un enfant": huyo mama ana mimba. "Elle aura un enfant": ipo siku atapata mtoto, huenda hata mchumba hajampata.

Chukueni mfano huo mwende nao Ndutu mwezi wa Februari, nyumbu wanapozaa. Jike limejitenga kidogo, linalala, linainuka, linazunguka, linalala tena. Wewe umeshaona kwato mbili ndogo zinachungulia. Unanong'ona: "Regardez, elle va mettre bas", tazameni, anataka kuzaa. Kamera zote juu. Ukisema "elle mettra bas", sarufi ni safi, lakini umempa mgeni utabiri, naye atashusha kamera anywe maji. Ninyi kazi yenu ni kusoma dalili: sikio la tembo, mkia wa chui, shingo ya duma. Sijui kazi nyingine inayohitaji "futur proche" kuliko hii. "Il va traverser", anataka kuvuka. "Elle va sauter", anataka kuruka. Na hapo ndipo ile "anataka" yetu inaponoga, kwa sababu ukitafsiri "tembo anataka kuvuka" kwa "il veut traverser", umedai kujua yaliyomo moyoni mwa tembo.

Onyo nalo halina njia nyingine. "Attention, vous allez tomber!", angalia, utaanguka! Ukimwambia mzee aliyesimama kwenye kiti cha gari "vous tomberez", umemlaani.

Kuna na amri ya adabu, hii iandikeni: "Je vais vous demander de rester dans la voiture", nitawaomba mbaki ndani ya gari. Haina ukali hata kidogo, na hakuna atakayeshuka. Ile ya dereva aliyechoka, "vous allez vous asseoir!", ina ukali, iwekeni akiba.

Ukitaka kuirudisha nyuma, ni "j'allais": j'allais tomber, nilikuwa nataka kuanguka. "J'allais le dire", ndiyo kwanza nilikuwa nataka kusema. Lakini mwisho ni hapo. Ukisema "je suis allé voir", nilienda kuona, au "j'irai voir", nitaenda kuona, umerudi kwenye kwenda kwa miguu, umepiga hatua kweli.

Ndiyo, dada pale nyuma? (Anauliza kwa nini lugha hukopa vitenzi kama kwenda na kutaka.) Hata sisi tumekopa, tumesahau tu. "Nitakapofika", "atakayekuja": hiyo "-ka-" imetoka wapi? Ni kitenzi "taka" kizima, kilichobaki "-ta-" kwingineko. Kifaransa nacho kilikopa kuwa na: "chanterai" ni Kilatini "cantare habeo", nina la kuimba. Ndiyo maana miishio yake, -ai, -as, -a, inafanana na "avoir".

Na kaka hapa mbele? (Anauliza kuhusu ratiba za safari.) Hizo ziandike kwa wakati ujao wa kawaida: "vous traverserez la savane", mtavuka mbuga. Na baada ya "quand", yaani wakati mta-, hivyo hivyo: "quand vous arriverez à Karatu", mtakapofika Karatu. Baada ya "si" ya masharti, yaani "ikiwa", usiweke wakati ujao wa kawaida. Wazee wengine wanaangalia saa, nami naiona chai inaingia. Bon, on va s'arrêter là: haya, tuishie hapo.