Dawa Inatoka Lini? Mhadhara Kuhusu Vikapsuli Vidogo vya Dawa

Mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi, karibuni.

Dawa tumezoea kuiuliza inatibu nini. Leo tuiulize inatoka lini. Mgonjwa akimeza kidonge cha kawaida, dawa hupanda haraka kwenye damu, kisha hushuka. Ikipanda mno inadhuru, ikishuka mno haitibu. Vikapsuli ninavyovizungumzia vina upana wa kati ya mikromita 1 na 1,000 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kazi yake ni kuitoa dawa kidogokidogo.

Fani hii haikuanzia hospitalini. Miaka ya 1950, Barrett Green wa kampuni ya NCR ya Marekani alifungia kemikali za rangi ndani ya vikapsuli vya jelatini na gundi ya akasia, kwa ajili ya karatasi za kunakili. Ukiandika kwenye karatasi ya juu vinapasuka, na maandishi yanatokea kwenye ya chini. Wafamasia waliuchukua ujuzi huo, na nafurahi kwamba waliuchukua.

Njia za kutengeneza ziko nyingi: wapo wanaonyunyizia mchanganyiko kwenye hewa ya moto, wapo wanaodondosha aljineti kwenye maji yenye kalsiamu. Hizo nazipita. Tukae kwenye emulsheni ya tabaka mbili, yaani matone ya kimiminika ndani ya matone ya kingine kisichochanganyika nacho, inayofaa dawa zinazoyeyuka kwenye maji. Dawa huyeyushwa kwenye maji kidogo, nayo maji hayo yakakorogwa kwa nguvu ndani ya diklorometheni, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, yenye polima (molekuli ndefu kama minyororo) iitwayo PLGA. Kisha vyote humiminwa kwenye maji mengi yenye polivinili alkoholi, inayozuia matone yasishikane. Unaendelea kukoroga taratibu. Diklorometheni inageuka mvuke, polima inakauka, na mwisho unapata unga mweupe. Uweke chini ya hadubini: ni mipira midogomidogo tu.

Mwilini, maji huikatakata PLGA ikawa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, ambazo mwili unajua kuziondoa. Hakuna ganda la kurudi kulitoa kwa upasuaji. Ukibadili uwiano wa asidi hizo, au urefu wa minyororo ya polima, unabadili muda. Ndivyo leuprolidi, dawa ya saratani ya tezi dume, ilivyotoka kwenye sindano ya kila siku ikawa ya mara moja kwa mwezi; Marekani iliiidhinisha mwaka 1989.

Sasa tuje kwenye kinachonikosesha usingizi. Dawa iliyobaki juu ya uso wa vikapsuli hutoka kwa mkupuo saa za mwanzo, na wakati wa kukausha, maji yanayotoka huiburuta nyingine hadi juu. Kama dozi inayotibu na inayodhuru zimekaribiana, mkupuo huo ni hatari kubwa. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea matokeo kwamba dawa nyingi imeingia, nampongeza, kisha namuuliza: saa 24 za kwanza imetoka kiasi gani?

Kuna na kinyume chake. Sindano ya kwanza ya risperidoni ya aina hii, inayochomwa kila wiki 2 kwa wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, hutoa dawa kidogo sana wiki 3 za mwanzo. Ni lazima mgonjwa aendelee kumeza vidonge kipindi hicho chote. Familia isipoelezwa, itaona ugonjwa unarudi na kudhani sindano imeshindwa, kumbe dawa ingali imefungiwa ndani ya msuli. Maelezo hayo yatolewe siku ileile ya sindano, kabla mgonjwa hajaondoka kliniki.