Barua Pepe 97 Kabla ya Soko Kufunguliwa

Nimeitwa nizungumzie akili mnemba na misukosuko ya taasisi. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakapoanzia: Knight Capital, Marekani, tarehe 1 Agosti 2012.

Kampuni ile ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Programu mpya ilipaswa kuwekwa kwenye seva nane, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo. Ikawekwa kwenye saba. Ya nane ikabaki na msimbo wa zamani uliolala kwa miaka. Soko lilipofunguliwa, msimbo ule ukafufuka, ukaanza kumwaga maagizo ovyo. Ndani ya dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zikayeyuka. Na mafundi, katika kuhangaika, wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa! Msimbo wa zamani ukafufuka huko pia, balaa likaenea kote.

Sasa nisikilizeni. Kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulikuwa umeshatuma barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu ile. Tisini na saba! Hazikuandaliwa kuwa kengele ya hatari, basi zikapita hivihivi.

Kuna anayenong'ona: "Hiyo haikuwa akili mnemba." Kweli kabisa. Akili mnemba ingezikusanya barua zile, ingezifupisha, ingesema mambo si shwari. Halafu? Ingemwambia nani? Kama msimamizi wa zamu hana ruhusa ya kuzima mitambo mpaka mkurugenzi apatikane, na mkurugenzi yuko angani kwenye ndege, mmepata barua ya 98, basi. Kila taasisi inayoniita naiuliza: nani hapa anaweza kusema "zima" bila kumpigia mtu simu? Huwa wanatazamana. Kisha mmoja ananionyesha mchoro wa kamati.

Mengine nayapitia mbiombio. Utabiri wa mashine hula data ya jana. Zillow, kampuni ya nyumba ya Marekani, walinunua nyumba wakitegemea makadirio ya bei ya kompyuta. Novemba 2021 wakatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza robo ya wafanyakazi. Kwa hiyo iambieni mashine iwatungie mikasa ya kujipimia, msiiulize upi utatokea. Taarifa kwa umma ikiandikwa na mashine, mtu aisome neno kwa neno, maana mashine hubuni mambo bila hata kupepesa jicho.

Kuhusu siri za taasisi nilikuwa na ukurasa mzima, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Karibuni maswali. Atakayeuliza "tununue programu gani?" nitamrudisha kwenye seva ya nane.