Ukavu, Chumvi na Barafu: Likeni za Miamba kwenye Pwani za Baridi

Mabibi na mabwana, karibuni. Naomba tuanze na picha hii ya mwamba wa pwani ya Uskoti, maji yakiwa yamekupwa. Chini kabisa mnaona mwani wa kahawia umelala. Juu yake, karibu na mpaka wa maji ya bamvua, kuna utepe mweusi unaofuata ufuko mzima. Wengi wakiuona mara ya kwanza hudhani meli imemwaga mafuta. Ule ni uhai: likeni iitwayo Hydropunctaria maura, iliyoshikamana na jiwe kiasi kwamba huwezi kuibandua kwa kisu bila kung'oa na jiwe lenyewe. Juu ya weusi kuna utepe wa manjano na chungwa, kisha wa kijivu, ambako likeni kama Ramalina siliquosa huchomoza kwenye jiwe kama vijichaka.

Mkikutana na rangi hizo tatu, mtaweza kusoma bahari hata siku ambayo imetulia. Penye ghuba iliyokingwa, tepe ni nyembamba na zimesogea karibu na maji. Penye rasi inayopigwa na mawimbi, zinapanda mita kadhaa, kwa sababu rasharasha hufika huko.

Likeni, kwa kifupi, ni ushirika. Kuvu hujenga nyumba, na ndani yake huishi mwani mdogo wa kijani au sianobakteria (aina ya bakteria), anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipolisema hilo mwaka 1867, wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake walimpinga vikali. Leo ni somo la shule.

Sasa niingie kwenye hoja yangu. Tukiorodhesha taabu za kiumbe huyu, tutataja jua linalokausha, chumvi inayochoma na jalidi inayoua. Vitabu huzipa kila moja sura yake. Mimi naona zinastahili sura moja, kwa sababu zote tatu hufanya tendo lilelile: huitoa maji seli.

Ukavu hauhitaji maelezo. Chumvi je? Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na jua likiyapunguza maji hayo juu ya mwamba, chumvi huzidi kukolea na kuyavuta maji yaliyomo ndani ya seli. Barafu nayo huanza kuganda nje ya seli, kwenye nafasi zilizo baina ya nyuzi za kuvu. Inayoganda ni maji matupu. Chumvi na sukari hubaki katika majimaji yaliyosalia, yanakolea, na yanaivuta seli vilevile. Kwa hiyo seli iliyogandishwa polepole hunywea kwa ukame, ingawa imezungukwa na maji. Ndiyo maana kiumbe aliyejifunza kukauka bila kufa hupata kinga tatu kwa gharama ya moja.

Anakaukaje bila kufa? Kwanza, hashindani. Mmea wa kawaida una mizizi, mishipa na nta ya kuzuia maji yasitoke. Likeni haina hata kimoja. Hewa ikiwa kavu, nayo hukauka, mpaka maji yaliyobaki ni kama asilimia 10 ya uzito wake, na shughuli zote za mwili husimama. Ikilowa tena, baada ya dakika chache inapumua na kutengeneza chakula.

Pili, ina akiba ya sukari za aina ya alkoholi. Mwani wa kijani humpa kuvu ribitoli au jamaa zake, na kuvu huigeuza kuwa manitoli. Sukari hizi zina kazi mbili. Seli ikiwa na maji, huyashikilia yasivutwe na chumvi. Seli ikikauka, hukaa mahali ambapo maji yalikuwa, zikizizuia protini zisikunjamane na utando wa seli usigandane. Zaidi ya hapo, ni chakula.

Kuhusu barafu kuna jambo ambalo mtu hatarajii. Maji safi katika matone madogo yanaweza kushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri bila kuganda, kisha yakaganda ghafla, na mgando wa ghafla ndio unaopasua seli. Likeni nyingi zina chembe zinazoanzisha barafu mapema, kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Zinaukaribisha mgando! Barafu huanza mapema, nje ya seli, kwa utaratibu, na seli hupata muda wa kupoteza maji taratibu.

Wala baridi haizimi kila kitu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, likeni ya majabali ya Antaktiki, Umbilicaria aprina, ilipimwa ikiendelea na usanisinuru kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri. Kidogo sana, lakini ipo.

Rudi kwenye zile tepe za rangi, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Likeni yenye mwani wa kijani inaweza kuamka kwa unyevu wa hewa peke yake, ukungu unaitosha. Yenye sianobakteria haiamki mpaka iguswe na maji hasa. Sasa tazameni nani anakaa wapi. Ramalina, mwenye mwani wa kijani, yuko juu, na matawi yake hukusanya ukungu. Lichina pygmaea, kijichaka cheusi chenye sianobakteria, yuko chini, mahali ambapo bahari humfunika na kumfunua kila maji yanapojaa na kupwa. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Huko chini kuna pia konokono wanaokwangua mwamba, na mawimbi yanayong'oa chochote chenye ukingo wa kushikwa, jambo linaloeleza kwa nini likeni nyingi za chini zimekuwa ngozi nyembamba juu ya jiwe.

Rangi zenyewe ni ngao. Weusi wa Hydropunctaria hukinga mwani dhidi ya mwanga mkali, na siku ya baridi yenye jua huupasha mwamba joto kuliko hewa. Rangi ya chungwa ya Xanthoria parietina hutokana na kemikali iitwayo parietini, inayozuia mwanga wa buluu na miale ya urujuanimno. Likeni hiyohiyo ikiota kivulini hubaki ya kijani-kijivu. Kwenye pwani ya baridi ngao hii ina uzito wa pekee, maana seli iliyopoa hunasa mwanga kama kawaida ilhali kazi ya kuutumia imezorota, na mwanga usiotumika huharibu.

Mmesikia bila shaka kwamba Xanthoria elegans ilikaa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka mmoja na nusu, kuanzia 2008, na ikarudi hai. Ni kweli, ila habari yenyewe hutiwa chumvi. Ilikaa huko ikiwa kavu, imelala. Kulala ndiyo kazi inayoijua.

Niwataje na ndege. Kwenye mwamba mtupu nitrojeni ni adimu, na kinyesi cha ndege wa bahari ni mbolea. Pwani za Antaktiki, karibu na makoloni ya pengwini, huishi Mastodia tessellata, ambayo mwani wake, Prasiola, ndiye anayeipa umbo la jani, na kuvu amejipenyeza ndani yake. Yaani mpangaji ndiye aliyejenga.

La mwisho ni la Machi 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza. Ili kusafisha ufuko, wahusika walimwaga sabuni kali za viwandani kwa wingi. Likeni za miamba ziliangamizwa na mafuta na dawa ya kuyaondoa pia. Kiini chake tumeshakigusa: kinga yote niliyoieleza inategemea utando wa seli kubaki mzima maji yanapotoka. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na sabuni huyeyusha mafuta. Sukari zote za manitoli hazina msaada hapo. Na kwa kuwa likeni nyingi za kuganda kwenye jiwe hukua kwa milimita moja hivi kwa mwaka, au pungufu, mtu anayesimamia usafi wa ufuko wa mawe afikirie mara mbili kabla ya kuwasha pampu. Kwenye tepe za juu, kuyaacha mafuta yachakae yenyewe kunaweza kuwa nafuu kuliko kuyasugua.

Nimeona mikono imeinuka huko nyuma. Tuanze na maswali.