Je, Uingereza Mkihudumiwa Vibaya Mkahawani Mnarejeshewa Pesa?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko Muscat, Dubai na kwengineko. Tangu nilipoweka video ya chakula chetu cha Sikukuu ya Idi tulichokwenda kula mkahawani, kila nikifungua maoni nakuta swali lile lile: "Dada, huko Uingereza mkihudumiwa vibaya mkahawani, ni kweli mnarejeshewa pesa zenu?" Wapo wanaouliza kwa nia ya kujua, na wapo wanaouliza huku wameshanihukumu, kwamba nilikwenda kujionyesha na sahani za paundi, au kwamba sisi tuliotoka hatuna kazi isipokuwa kulalamika. Leo nitalijibu kwa urefu, na naomba mnisikilize kabla hamjaandika.

Kuhusu kujionyesha, niseme tu kwamba kwetu sisi kula nje si jambo la kila wiki. Tunaishi Northampton, mume wangu anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku, na kodi ya nyumba inaondoka na sehemu kubwa ya mshahara kabla hatujanunua hata mchele. Anayekula nje kwa nadra hulipa kwa kujinyima, na ndiyo maana siku ile ilituuma.

Mkahawa wenyewe sitautaja jina. Walitaka amana ya paundi 10 kwa kila mtu ndipo watuwekee meza, na ujumbe wao ulieleza kwamba amana hiyo itakatwa kwenye hesabu ya mwisho. Tulikuwa watu wanane, pamoja na mama mkwe wangu ambaye ana kisukari na hula kwa saa maalumu, jambo ambalo nililiandika waziwazi nilipokuwa nikiweka nafasi. Tulikaa zaidi ya saa nzima mezani pana maji tu. Chakula kilipokuja, wali ulikuwa umepoa, na samaki wa mama mkwe alikuwa bado mbichi karibu na mwiba wa mgongoni. Nilipomwonyesha mhudumu, alimtazama yule samaki, akaniambia kwamba jikoni kuna kazi nyingi, kisha akenda zake. Hesabu ilipoletwa, amana yetu haikukatwa, na chini kabisa kulikuwa kumeongezwa asilimia 12.5 ya ada ya huduma.

Sasa nijibu swali. Bei zilizoandikwa kwenye menyu huku huwa tayari zina kodi ya VAT ya asilimia 20 ndani yake, na hiyo huna la kufanya. Ada ya huduma ni jambo jengine. Katika mikahawa mingi ni ya hiari, na huandikwa hivyo kwa herufi ndogo chini ya hesabu, kwa hiyo mteja anaweza kuomba iondolewe. Zaidi ya hapo, sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi unaostahiki, na isipotolewa hivyo, mteja ana haki ya kudai apunguziwe bei. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kudai. Lakini kudai ni jambo moja na kuipata pesa mkononi ni jambo jengine, na hilo la pili ndilo ambalo hamlioni kwenye video zetu.

Ada ya huduma meneja aliiondoa, baada ya mabishano yaliyowafanya watu wa meza za jirani wageuke kutuangalia. Amana ndiyo iliyonitesa. Niliambiwa nijaze fomu kwenye tovuti, niambatanishe picha ya risiti, kisha nitume na taarifa ya benki inayoonyesha kwamba pesa zilitoka kwetu. Nilipotuma vyote, nikajibiwa kwamba jina lililoweka nafasi halilingani na jina la kwenye kadi. Nafasi niliiweka kwa jina langu, na kadi ilikuwa ya mume wangu, na mke wa kwetu anapoolewa haliachi jina la baba yake. Jambo hili limenichosha katika nchi hii kuliko baridi. Benki waliniuliza, skuli ya watoto waliniuliza, hospitali waliniuliza, na kila mara natakiwa nitoe cheti cha ndoa kuthibitisha kwamba mtu ninayeishi naye ni mume wangu, na sasa nimetakiwa nikitoe kwa ajili ya samaki mbichi. Mwisho wakanipa vocha ya kwenda kula kwao tena. Niliikataa. Tukaiomba benki irejeshe malipo yale kupitia kwenye kadi, utaratibu unaotokana na kanuni za makampuni ya kadi na si lazima ya kisheria, na baada ya kusubiri sana paundi 80 zikarudi. Sisi zilirudi, mwengine mwenye benki nyengine na risiti iliyopotea huenda asipate kitu, kwa hiyo msichukue yangu mkayafanya kanuni.

Kuna kaka mmoja aliniandikia kwa ukali kwamba nilipokataa ada ya huduma nilimnyima mhudumu riziki yake. Kaka yangu, hoja yako naiheshimu, na naijua kwa mikono yangu, kwa sababu nilipofika nchi hii nilianzia jikoni kuosha sahani, kisha nikawa napeleka chakula mezani. Wakati ule tuliona wateja wakilipa ada ya huduma kila usiku na hatukujua inaishia wapi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria ya Uingereza, Uskochi na Wales inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakhshishi na ada ya huduma yote bila ya kukata, si zaidi ya mwisho wa mwezi unaofuata, na aweke kumbukumbu zake kwa miaka mitatu. Kwa hiyo nilijua kwamba ninachokiondoa kwenye hesabu kitawagusa wafanyakazi. Ndiyo maana nilimpa pesa mkononi binti mmoja ambaye, bila ya kuombwa na mtu, alimletea mama mkwe mkate na supu alipoona mzee anatetemeka. Binti yule alifanya kazi yake na ya wenziwe. Hasira yangu ilikuwa kwa mwenye mkahawa, aliyechukua amana za watu wengi kuliko jiko lake linavyoweza kuwapikia.

Na hapo ndipo inaponibidi nije nyumbani, kwa sababu wengi mmeandika kwamba Zanzibar mambo hayo hayapo, kwamba sisi ni watu wa ukarimu. Ukarimu upo, siukatai. Ukiingia kwenye hoteli ndogo Darajani au kule kwetu Wete, utaletewa maji ya kunawa kabla hujakaa vizuri, na mwenye hoteli atakuuliza wewe ni mtoto wa nani kabla hajakuuliza utakula nini. Ninachokizungumza ni ile mikahawa ya mwambao iliyojengwa kwa ajili ya mgeni.

Safari yetu ya mwisho nilimchukua mama yangu, aliyevuka kutoka Pemba, tukenda naye kula kwenye mkahawa mmoja wa mashariki ya Unguja ambao nao sitautaja. Tuliomba meza inayotazama bahari, tukaambiwa zote zimeshawekwa. Tukakaa ndani, karibu na mlango wa jikoni. Haukupita muda, wageni walioingia nyuma yetu wakapelekwa kwenye meza zile zile, na niliwasikia kwa masikio yangu wakisema kwamba hawakuwa wameweka nafasi. Menyu ilikuwa na bei za dola peke yake, ingawa Machi 2025 nchi yetu ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Nilipotaka kulipa kwa shilingi, walinipigia hesabu kwa kiwango chao wenyewe, kilicho juu ya kile cha benki. Nilipoomba risiti ya kielektroniki, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Naomba mfahamu kilichoniuma, maana pweza mwenyewe alikuwa mzuri. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mimi niliyechukua pasipoti ya huku naingia kwetu kwa viza ya dola 50, na tangu Oktoba 2024 nalipia na bima ya dola 44 ambayo mgeni hawezi kuikwepa. Nililipa vyote viwili kama mgeni, na sikumgombeza mtu. Kisha nikafika mezani, pamoja na mama yangu mwenye buibui lake, nikaonekana mwenyeji anayeweza kusubiri. Mama hakusema neno pale. Tulipofika ndani ya gari ndipo aliponiambia kwamba sehemu kama zile nisimpeleke tena.

Najua kwamba mikahawa ile inaishi kwa watalii, na mwaka 2024 pekee Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Siwalaumu kwa kumkirimu mgeni. Nawalaumu kwa kuifanya heshima ya mama yangu kuwa kitu kinachopimwa kwa sarafu aliyonayo.

Wengine mtaniuliza kwa nini sikulalamika pale pale, ilhali Northampton nilisimama na kubishana. Nilitaka, na binamu yangu tuliyekuwa naye ndiye aliyenizuia. Alinishika mkono akaniambia kwamba kijana aliyetuhudumia ni mtoto wa jirani yao, na nikimwita meneja atakayefukuzwa ni yeye. Alisema kweli. Huku ninapoishi, malalamiko yangu yalikwenda kwa kampuni, yakapewa nambari, na hakuna mtu wa jikoni aliyeulizwa jina la baba yake. Kwetu malalamiko yanaangukia kichwani mwa kijana mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na mwenye mali, ambaye ndiye aliyeamua nani akae wapi na menyu iandikwe kwa sarafu gani, hayasikii kabisa. Kwa hiyo tunanyamaza kwa kumwonea huruma kijana, na ukimya wetu faida yake anaipata tajiri.

Njia zipo. Tunayo sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na ipo tume inayoisimamia, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko kama haya. Ipo pia Mamlaka ya Mapato, ZRA, kwa mambo ya risiti. Mimi naona barua inayoitaja biashara, tarehe na kiasi kilicholipwa, bila ya kumtaja mhudumu, ndiyo inayomfikia mwenye mali. Lakini hayo ni maoni yangu, mtu wa safari, mwenye tiketi ya kurudi. Wewe unayeishi hapo, ambaye ndugu yako labda anafanya kazi kwenye hoteli hiyo hiyo, unajua zaidi nini unaweza kubeba na nini huwezi, na sitakuhukumu ukiamua kuacha.

Ombi langu la leo ni kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mahoteli na mikahawa ya Nungwi, Kiwengwa, Paje na Mji Mkongwe. Niandikieni kwa ujumbe wa faragha, mnieleze ada ya huduma inayowekwa kwenye hesabu za wateja inawafikia au haiwafikii, na kama mnaelezwa jinsi inavyogawiwa. Majina yenu sitayataja wala ya waajiri wenu, na mkiniruhusu nitayasoma maelezo yenu katika video ijayo.