Kadiria mahitaji ya usafiri wa ndege nchi kwa nchi, kwa Excel tu

Karibuni watazamaji. Fungua Excel, kisha pembeni fungua ukurasa wa takwimu wa Benki ya Dunia. Tunatafuta jibu la swali moja: mtu wa nchi fulani hupanda ndege mara ngapi kwa mwaka, na idadi hiyo hupandaje kipato kinapopanda? Tutalinganisha nchi 40. Fomula zenyewe ni za nusu saa. Jasho liko kwenye kusafisha takwimu.

Hatua ya kwanza, pakua mafaili matatu. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika IS.AIR.PSGR, hao ni abiria wa ndege. Kisha SP.POP.TOTL, idadi ya watu. Kisha NY.GDP.PCAP.CD, pato la taifa kwa kila mtu kwa dola za kawaida. Wapo wanaopenda pato lililorekebishwa kwa gharama za maisha. Kwa safari za kimataifa mimi nashauri dola za kawaida, kwa sababu nauli mara nyingi hupangwa kwa dola hata ukilipia kwa shilingi.

Chagua mwaka 2019. Usiguse 2020: mwaka huo abiria duniani walishuka kutoka takriban bilioni 4.5 hadi bilioni 1.8, na mstari wako wa makadirio utakuwa unapima korona.

Hatua ya pili, safisha. Hapa twende taratibu. Ile takwimu ya abiria haihesabu raia wanaosafiri. Inahesabu abiria waliobebwa na mashirika yaliyosajiliwa katika nchi hiyo. Shuka hadi Ayalandi uone. Nchi ina watu wapatao milioni 5, lakini abiria wake wanapita milioni 100. Je, kila mtu wa huko anapanda ndege zaidi ya mara 20 kwa mwaka? La. Ryanair imesajiliwa huko, na abiria wake wengi wanatoka Italia kwenda Hispania bila kuikanyaga Dublin.

Qatar na Falme za Kiarabu ni yale yale, na kwa jirani zetu Ethiopia pia: abiria anayetoka Lagos kwenda Guangzhou akibadilisha ndege Addis Ababa anaandikwa kwenye hesabu ya Ethiopia. Kosa hili huenda upande wa pili vilevile. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001 na kurudi angani Agosti 2019. Katikati hapo watu wa Uganda waliendelea kusafiri, ila wengi kwa ndege za wageni, kwa hiyo wengi waliandikwa kwingine.

Dawa yake ni mbili. Nchi zenye vituo vikubwa vya kubadilishia ndege zitoe kwenye orodha kabisa. Nchi zisizo na shirika kubwa la kwao, tumia takwimu za mamlaka ya viwanja vya ndege: chukua jumla ya abiria wa kimataifa, kisha toa wanaopita tu. Usigawe kwa 2: anayekwenda na kurudi amehesabiwa akiondoka na akiingia, na takwimu ya Benki ya Dunia nayo huhesabu kila safari ya ndege peke yake. Uganda ni rahisi, kwani karibu wasafiri wote wa kimataifa hupitia Entebbe. Zanzibar ni mtihani. Ndege inayoshusha watalii wa Poland inaonyesha kipato cha Poland, si cha Unguja. Ukipata mgawanyo wa wakazi na wageni, bakiza wakazi.

Hatua ya tatu, panga kolamu. A nchi, B abiria, C watu, D pato, E kisiwa: andika 1 kama ni kisiwa, 0 kama sivyo. Kisiwa ni lazima kiwemo. Mtu wa Shelisheli au Komoro hana basi la kumvusha kwenda nchi ya jirani, kwa hiyo atapanda ndege hata kwa kipato kidogo.

Kwenye F2 andika =LN(B2/C2). LN ni logi asilia; baadaye EXP itaturudisha kwenye namba za kawaida. G2 andika =LN(D2). H2 andika =E2. Vuta zote tatu hadi mstari wa 41. Ukiona #NUM! kwenye F, seli ya abiria iko tupu. Tupu maana yake nchi haikuripoti, si kwamba hakuna aliyesafiri. Usijaze 1 ili kosa lipotee. Futa mstari mzima, uweke nchi nyingine.

Hatua ya nne. Kwenye J2 andika =LINEST(F2:F41,G2:H41,TRUE,TRUE). Hii ndiyo fomula inayotafuta mstari wa makadirio unaozikaribia zaidi nchi zako 40. Excel ikigoma, badilisha mkato uwe nukta mkato. Hiyo ni mipangilio ya lugha ya kompyuta yako. Toleo la zamani linataka uchague kwanza seli za mistari 5 kwa kolamu 3, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja.

Tazama mstari wa juu. Majibu yamekuja kinyumenyume: J2 ni kisiwa, K2 ni pato, L2 ni namba ya kuanzia. Ukisoma kushoto kwenda kulia kama ulivyopanga, umepotea. K4 ni kosa la wastani la mstari mzima wa makadirio, yaani nchi hukaa mbali nao kiasi gani.

Tuseme umepata pato 1.2 (yaani pato likipanda 1%, safari hupanda takriban 1.2%), kuanzia -11.5, kosa 0.6. Nchi ya bara yenye pato la dola 1,200: LN ya 1,200 ni 7.09, mara 1.2, toa 11.5, unabaki na -2.99. Weka kwenye EXP, unapata 0.050. Bado. Kurudi kutoka kwenye logi hupunja wastani, hivyo zidisha kwa EXP ya 0.6 mara 0.6 gawa kwa 2, yaani 1.2. Sasa ni safari 0.06 kwa mtu. Kwa watu milioni 60 ni safari milioni 3.6 badala ya milioni 3.

Kukadiria mbele: pato kwa kila mtu likikua 3% na watu 2.5%, mahitaji yanakua 3 mara 1.2 jumlisha 2.5, yaani 6.1% kwa mwaka. Baada ya miaka 10 ni mara 1.8. Usitoe namba moja, toa upana. Kosa la pato, seli K3, likiwa 0.15, rudia hesabu kwa 0.9 na 1.5, yaani 1.2 kutoa na kujumlisha mara mbili ya 0.15: unapata kati ya mara 1.66 na mara 1.97.

Kisha jaribu mstari wako. Toa nchi 5 uziweke kando, endesha LINEST kwa 35 zilizobaki, ukadirie zile 5. Kadirio la nchi moja tu likiwa kubwa au dogo mara 3 au 4 kuliko takwimu yake halisi, rudi hatua ya pili uangalie ndege zake zimesajiliwa wapi.