Kabla karagosi hajasema

Assalamu alaykum waalimu wenzangu. Chai mshakunywa? Haya. Nimeitwa hapa Chake Chake nizungumze na waalimu wa nasari juu ya karagosi, huyu mwanasesere wa kuchezesha kwa mkono, na nnafurahi kila mtu kaja na soksi kama nilivoomba, kuna mmoja kaja na ya mpira ya mwanawe, ndefu mpaka kiwikoni, hiyo ndo nzuri khasa.

Hilo neno karagosi asili yake Karagöz, yule mtu wa vivuli wa Kituruki anaebishana na mwenzake Hacivat, na mchezo wao ulikuwa ukipendwa zaidi usiku wa Ramadhani. Kwo jina tunalo siku nyingi, ila kuchezesha tunachezesha kama tunafukuza nzi.

Mimi mwenyewe nlikuwa hivo hivo. Mara yangu ya mwanzo, skuli moja huku huku Pemba, nimejificha nyuma ya kanga nasoma maneno kwenye karatasi, sungura wangu anarukaruka tu hatulii hata sekunde moja, nikachungulia nikaona watoto wote wamegeukia dirishani. Kuna paka kule. Paka hafanyi kitu jamani! Kasimama, katizama, kageuza sikio, katulia, halafu ndo kaenda zake. Darasa zima kimya. Nikasema loh, nimeshindwa na paka asokuwa na hata neno moja la kusema.

Basi paka yule ndo alonifundisha: kwanza jicho, halafu kichwa, halafu mwili, na katikati utulivu. Karagosi akisikia mlango unagongwa asiseme "nani?" hapo hapo, atizame kwanza, avute pumzi, yaani unanyanyua kiwiko kidogo tu na kukishusha, mtoto ataona anafikiri. Kule Japani kwenye bunraku, mchezo wao wa karagosi wa jukwaani, karagosi mmoja anashikwa na watu watatu, mkubwa wao ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na wapo wazi mbele ya watu wala hawajifichi, lakini macho yao yapo kwa karagosi na wewe unafata macho yao. Kwo ukichezesha usitizame watoto wanacheka au vipi, mtizame mwenzio wa mkononi.

Sasa mdomo. Wengi wanafumba neno likitoka, kama anatafuna hewa. Fungua na sauti, na anaeshuka ni kidole gumba, vidole vya juu vitulie, la sivyo kila neno anatizama dari. Na usifungue kila silabi, Kiswahili chetu silabi karibu zote zinamalizia irabu, utachoka kabla hujafika "hapo zamani za kale." Fungua kubwa pale tunapokaza, silabi ya pili kutoka mwisho: huJAmbo, samaHAni, nimechoKEshwa. Zilobaki ziguse tu.

Watoto nao wapeni kazi. Ukisema "Paukwa!" subiri "Pakawa!" ije, ikija ndogo karagosi ajifanye hakusikia. Na akikurukieni mtoto na lake msilipite. Kuna mmoja aliniuliza, "We sungura mbona huna mkia?" na kweli nlisahau kuushona. Sungura akageuka polepole, akatizama nyuma, kimya, akawatizama wao: "Nani kauchukua?" Ukapigwa ukelele huo! Dakika kumi tunatafuta mkia chini ya majamvi, kisa cha kisima hatukukimaliza, na sikujali.

Mkono ukichoka pia wataona, karagosi anaanza kushuka kidogo kidogo kama anaingia shimoni, kwo kisa cha dakika tano kinatosha, na nyuma ya kanga awepo wa kupokezana nae.

Haya, vaeni soksi. Msiseme kitu. Kila mmoja karagosi wake amtizame wa jirani, avute pumzi... we bibie wa nyuma, wa kwako anatizama dari.