Kwa nini maji ya Bukavu yanakwenda kusini

Jambo kwenu, ba papa na ba mama, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Sote tumesikia kwamba Bukavu, mji wetu huu wa mashariki mwa Kongo, ni mkono uliotumbukiza vidole vitano katika Ziwa Kivu. Lakini vidole hivyo vilitoka wapi? Nguba, Muhumba na rasi nyingine zilikuwa migongo ya vilima, na ghuba tunazoogelea zilikuwa mabonde yenye vijito. Ziwa lilipanda, mabonde yakazama, migongo ikabaki nje.

Na nani alilipandisha ziwa? Zamani sana maji ya hapa yalishuka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward, yaani njia ya Nile. Kisha milima ya moto ya Virunga ikatapika na kuziba bonde, kama mtoto anavyoziba mfereji kwa matope. Maji yakarudi nyuma, yakajaa, yakatafuta ukingo ulio chini kuliko yote. Ukingo huo ulikuwa hapa kwetu. Ndipo Ruzizi ikazaliwa, mto unaoshuka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Kila nikivuka daraja nalifikiria jambo hilo: mto huu ni maji yaliyofungiwa mlango.

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Ruzizi inateremka tofauti yote hiyo kwa kilomita zisizozidi 120, na sehemu kubwa ya mteremko iko huku juu, kabla ya Kamanyola, pale uwanda unapoanza. Ndiyo maana huku mto unakwaruza mwamba na kuchimba korongo, na ndiyo maana baraji, yaani mabwawa ya umeme, zilijengwa huku. Ukifika uwandani, kasi inakwisha. Mto unapinda-pinda na kuacha udongo wake, ule unaolisha mashamba ya mpunga ya ndugu zetu wa huko.

Mwaka 1871 wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mwisho wa Ruzizi kuangalia kama inaingia Tanganyika au inatoka. Walikuta inaingia. Naamini wavuvi wa pale walilijua jambo hilo tangu enzi za babu zao.

Sasa fuateni mvua ya leo. Ikinyesha hapa mjini, mtaani Kadutu, inashuka katika mto Kawa, inaingia ziwani, inatoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Karibu na Kalemie inashika Lukuga, halafu Lualaba, halafu mto Kongo, hadi Atlantiki kule Moanda. Bahari ya Hindi iko karibu zaidi nasi, lakini maji hayapimi umbali, yanafuata mteremko.

Chupa ya plastiki iliyotupwa Kawa huanza safari ileile, ila haifiki mbali. Ziwa linaisukuma kusini, mto unaipokea, na inasimama pale Mururu, kwenye baraji ya kwanza, pamoja na maelfu ya wenzake. Takataka zikiziba njia ya maji, mashine zinasimamishwa zisafishwe, nasi huku tunawasha mishumaa.